Je, Mkalimani ni Mfereji Tu?

Walimu wengi wa Kiswahili, hasa sisi tunaofundisha mahali ambapo lugha hii haijaenea, tumepata kuitwa siku moja au nyingine kusimama kati ya watu wawili wasioelewana. Pengine ni askari na msafiri, pengine ni karani na mwombaji, pengine ni mgonjwa na mganga. Kazi hiyo hatukuisomea. Vyuo vya ualimu vilitufundisha kuandaa somo, kutunga mtihani na kusahihisha insha. Ukalimani tuliuokota njiani, kwa sababu tu tulionekana kuwa watu wa lugha mbili. Kwa hiyo si ajabu kwamba maadili ya kazi hiyo hayazungumzwi sana miongoni mwetu. Msamiati wake twaujadili, wajibu wake twauacha.

Swali ninalotaka kulitazama katika makala haya ni hili: mtu anayesema kwa niaba ya mgonjwa ana wajibu gani kuhusu mambo ambayo mgonjwa hakuyasema, na ambayo mwenye dawa hakuyauliza?

Mfano nitakaoutumia ni mdogo, nao ni wa dawa ya kuzuia kutapika safarini. Nimeuchagua kwa makusudi. Penye upasuaji au kipindupindu kila mtu huwa mwangalifu, na mara nyingi daktari yupo. Penye vidonge vya bei ndogo, vinavyonunuliwa kwa haraka huku basi likipiga honi, hakuna anayefikiri kwamba kuna jambo la maadili mbele yake.

Ugonjwa wenyewe una majina mengi. Watu wa pwani husema chombo kimemlevya fulani, au bahari imemlevya, wala hawana maana kwamba amekunywa tembo. Wengine husema ana kigegezi, au kichefuchefu, au moyo unamchafuka. Huku bara gari limechukua nafasi ya jahazi, na maneno yamehama pamoja na abiria. Sababu yake inajulikana. Ndani ya sikio mna kiungo kinachoupa ubongo habari za mwendo na za mizani ya mwili. Abiria aliyeketi nyuma ya basi, akitazama mgongo wa kiti kilicho mbele yake, macho humwambia kwamba ametulia; sikio humwambia kwamba anapanda, anashuka na anapinda kona. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo linalolipa. Dereva, anayeitazama njia na kuijua kona kabla ya kuifikia, ni nadra kutapika. Wala ugonjwa huu si alama ya udhaifu wa moyo, kama wasemavyo mabaharia wa barazani: Charles Darwin, aliyezunguka dunia katika merikebu Beagle kuanzia mwaka 1831 hadi 1836, aliteswa nao mpaka safari ilipokwisha.

Mambo mawili msomaji ayaweke akilini, maana tutayahitaji. Kwanza, watoto walio chini ya umri wa miaka miwili ni nadra kupatwa na ugonjwa huu. Huanza kuwasumbua baadaye, na huzidi katika umri wa shule ya msingi. Pili, wanawake wenye mimba hupatwa nao kwa urahisi kuliko wengine, na tena kutapika kwa mimba changa kunaweza kudhaniwa kuwa ni kwa sababu ya gari.

Sasa tuende Nakivale. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, yapata kilomita 60 kutoka Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, zama ambazo Wanyarwanda waliokimbia ghasia za kwao walikuwa wakiingia Ankole, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo hii wamo watu zaidi ya laki moja. Wakongo ndio wengi, kisha wako Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Kiswahili humo ni lugha ya soko, ya mpira, ya ibada na ya ugomvi wa majirani. Mtu wa Fizi na mtu wa Bujumbura hawakuhitaji mtaala wetu ili kuelewana.

Lakini mtu akishapanda gari akafika Mbarara, mambo hubadilika. Mji huo, uliopandishwa kuwa jiji mwaka 2020, ni wa Wanyankole, na lugha za dukani ni Kinyankole na Kiingereza. Wazee wengi wa huko walikisikia Kiswahili kwanza kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi ya Waingereza. Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Na mji wenyewe ulipigwa vita mwezi Septemba 1972, kisha tena mwanzoni mwa mwaka 1979. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni maendeleo, nasi tunaofundisha huko tunayashukuru. Hata hivyo mkimbizi anayeingia dukani leo na kusema 'nataka dawa' hakutani na Katiba. Anakutana na mtu ambaye pengine bado anayo kumbukumbu ya neno 'simama'.

Mimi ni mzaliwa wa Karagwe. Kinyambo chetu ni jirani mno wa Kinyankole, na kwa hiyo sipati taabu kusema na watu wa Mbarara. Siku moja ya likizo nilikuwa katika duka la dawa karibu na kituo cha mabasi. Waliingia wanawake watatu kutoka Nakivale, wakiwa safarini kwenda Kampala, ambako ni mwendo wa kilomita zipatazo 270. Mmoja wao, mama wa Fizi, alikuja mbele ya meza akasema, 'Nataka dawa ya kutapika, yangu na ya mtoto.' Muuzaji, binti wa makamo, hakuelewa. Mama yule akageuka akaniuliza kama najua lugha ya huku. Nikasema naijua. 'Basi nisemee, mwalimu,' akasema. Sijui aliujuaje ualimu wangu. Labda ni chaki kwenye shati.

Hapa nisimame kidogo, walimu wenzangu, tuitazame ile sentensi yake, maana kila neno lililomo ni mtego. 'Dawa ya kutapika.' Katika lugha yetu kihusishi -a hakituambii upande. Dawa ya usingizi huleta usingizi. Dawa ya kikohozi hukiondoa kikohozi. Dawa ya mbu huwaua mbu. Dawa ya kutapika, basi, huleta matapishi au huyazuia? Msikilizaji wa Kiswahili hukisia kutokana na hali, na aghalabu hukisia sawasawa. Mkalimani hana ruhusa ya kukisia kimyakimya. Kisha 'mtoto'. Mtoto ni wa siku tatu, mtoto ni wa miaka kumi, na mama yangu huniita mtoto mimi mwenye mvi. Laiti lugha ya pili ingekuwa ya mbali, tofauti ya maneno ingetushtua, tukauliza. Lakini Kinyankole husema omwana, na omwana ana upana uleule wa mtoto. Maneno mawili ya ukoo mmoja yalipokezana giza lilelile, na tafsiri ikawa sahihi kabisa bila ya mtu kujua lolote.

Nami niliitafsiri vivyo hivyo: dawa ya kuzuia kutapika garini, ya mama na ya mtoto. Muuzaji akashusha chupa ya dawa ya maji na karatasi ya vidonge, vyote vya promethazini. Ni dawa ya kawaida, iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1940, nayo inafaa kwa kazi hiyo. Lakini inaleta usingizi mzito, na kwa watoto wachanga inaweza kudhoofisha pumzi. Mwaka 2004 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliagiza onyo kali liandikwe kwamba asipewe mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwa kuwa vifo vilikuwa vimetokea.

Mtoto hakuwapo dukani. Alikuwa nje mgongoni mwa ndugu. Muuzaji hakumwona wala hakuuliza. Mama hakusema. Nikamwuliza mama, 'Mtoto ana umri gani?' Akajibu, 'Mwaka mmoja na miezi mitatu.' Nilipolipeleka jibu hilo kwa Kinyankole, chupa ilirudishwa kwenye rafu papo hapo. Muuzaji akaeleza, na hapo nilimwona kuwa mtu anayeijua kazi yake, kwamba mtoto wa umri huo kwa kawaida haugui gari. Asishibishwe kupita kiasi kabla ya safari, na dirisha lifunguliwe.

Kumbe jambo lilikuwa halijaisha. Wakati muuzaji anahesabu vidonge vya mama, mama alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, wifi yake akiwa hatua mbili nyuma, 'Mwalimu, mimi niko na mimba, miezi miwili. Usimwambie mtu.'

Hapo ndipo lilipo swali letu. Nifanyeje?

Jibu la kwanza husema kwamba mkalimani ni mfereji. Maji yaingiayo huku ndiyo yatokayo kule, hayaongezwi wala hayapunguzwi. Jibu hili lina nguvu kuliko tunavyodhani, wala silidharau. Mkimbizi ni mtu aliyekwisha kusemewa mno. Karani amemsemea, kamati imemsemea, mfadhili amemsemea katika picha, na kila mmoja ameongeza chake. Kumchukua kama alivyosema, neno kwa neno, ni kumrudishia heshima. Katika ofisi ambamo watu huhojiwa juu ya sababu za kukimbia kwao, mkalimani anayetia chumvi au kulainisha neno anaweza kumharibia mtu maisha. Sheria ya mahali kama hapo, kwamba ayasemayo mhojiwa yasemwe yote na asiyoyasema yasisemwe, ni sheria njema.

Ila sheria hiyo imesimama juu ya jambo moja ambalo halitajwi. Inachukulia kwamba anayeuliza anajua la kuuliza, anao wakati wa kuuliza, na ameamini kwamba atajibiwa. Ofisini maswali yameandikwa. Dukani hakuna. Muuzaji angekuwa mbele ya Mnyankole mwenzake angeuliza, 'Omwana ana miezi mingapi?' bila hata kufikiri, kwa kuwa maongezi ya lugha moja huyaleta maswali yenyewe. Mtu anauliza habari za nyumbani, anauliza safari ni ya wapi, na katikati ya maongezi hayo umri wa mtoto hujitokeza. Mbele ya mgeni asiyeelewana naye, muuzaji hujifunga. Hufupisha. Anaogopa kuuliza asilolielewa jibu lake, na mgonjwa naye huogopa kuonekana msumbufu, akachukua anachopewa. Mfereji usio na nyufa katika hali hiyo hupitisha maji machache mno.

Jibu la pili husema kwamba mkalimani ni ndugu. Akimwona mwenziwe yumo hatarini, amsaidie kwa kila anachokijua. Mwenye jibu hili angegeuka kwa muuzaji na kusema, 'Huyu ana mimba.' Angejitetea kwa methali, mficha uchi hazai, na wengi barazani wangempigia makofi.

Methali hiyo nimeisikia ikitumiwa kuwafunulia watu siri zao mara nyingi kuliko kuwaponya. Hebu tuipime. Mzazi anayekusudiwa mle anauficha uchi mbele ya mkunga, ambaye kazi yake ni kuuona. Methali haisemi kwamba mwanamke auonyeshe uchi wake kituo cha mabasi. Mama yule hakuwa amemficha mkunga. Alikuwa amemficha wifi, na watu wa mtaani kwake, na mgeni wa mezani asiyemjua. Tena zipo sababu za kuficha mimba ya miezi miwili ambazo karibu kila kabila la nchi zetu linazijua: mimba changa huweza kutoka, na mwanamke aliyekwisha kupoteza moja hataki kupongezwa leo na kupewa pole mwezi ujao. Mtu aliyeiacha nyumba yake, shamba lake na makaburi ya wazee wake, pengine hana kitu kingine alicho nacho peke yake isipokuwa habari hiyo. Na ndugu yule aliyemsaidia kwa kuitoa siri atakuwa amemfundisha jambo moja: safari nyingine asimwambie mkalimani neno.

Kwa maoni yangu, kosa la majibu haya mawili ni moja. Yote mawili huuliza ni maneno ya nani yapitishwe, na kusahau kwamba maswali nayo ni maneno. Mkalimani hana haki juu ya jibu la mgonjwa, lakini swali si siri ya mtu. Swali la kwamba dawa hii inamfaa mwenye mimba au haimfai ni la muuzaji kuliuliza, ni la mgonjwa kuliuliza, na mtu yeyote aliyesimama pale angeweza kuliuliza. Kwa hiyo nilimwuliza mama kwa sauti yake ileile ya chini, 'Je, nimwulize juu ya mwanamke yeyote, nisikutaje wewe?' Alifikiri kidogo, akakubali. Nikamwuliza muuzaji: 'Nyabo, dawa hii inamfaa mwenye mimba?' Akaacha kuhesabu. Akawatazama wanawake wote watatu, hakuuliza ni yupi. Akasema kwamba kwa mwenye mimba daktari ndiye anayechagua dawa na kipimo, maana ziko zinazofaa na ziko zisizofaa, na kwamba safari hii wote watatu, mwenye mimba na asiye nayo, wakae viti vya mbele, watazame mbali, na watafune tangawizi. Nikayarudisha maneno hayo kwa Kiswahili kwa sauti ya kusikiwa na wote. Vidonge havikununuliwa.

Atakuwapo msomaji wa kuniuliza kama huko si kudanganya. Muuzaji alikwisha kutambua kwamba mmoja kati ya watatu ana mimba, na wifi naye si mjinga. Siri iliyogawanywa kwa watatu si siri kamili. Nakubali. Lakini tofauti ya kukisiwa na kutajwa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Adabu nzima ya pwani na ya bara imejengwa juu yake. Aliyekisiwa bado anayo nafasi ya kunyamaza, na anayekisia anayo nafasi ya kujifanya hakuona. Muuzaji yule aliitumia nafasi yake vizuri sana, na wala hakuwa amefundishwa ukalimani.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni jingine. Kama nilimlinda mtoto wa mwaka mmoja kwa kuuliza umri wake waziwazi, mbona sikumlinda aliye tumboni kwa uwazi uleule? Haifai kulipuuza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 mpaka mwaka 1961, dawa iliyoitwa thalidomidi iliuzwa katika nchi nyingi kwa usingizi na kwa kichefuchefu cha mimba, na zaidi ya watoto elfu kumi wakazaliwa na viungo vilivyolemaa. Anayesema kwamba vidonge vya kutapika ni jambo dogo na aikumbuke habari hiyo.

Jibu langu ni kwamba mtoto aliyekwisha kuzaliwa ana mwili wake, na umri wake si siri ya mama. Kama mama angeniambia, 'Usimwambie umri wa mtoto,' ningemjibu usoni pake kwamba nitamwambia, kisha ningemwambia. Mimba imo mwilini mwa mama, na njia ya kuifikia ni yeye. Ukimlazimisha atatoka dukani, na nje kidogo, kando ya mlango wa basi, yupo mchuuzi mwenye vidonge ndani ya ndoo ya plastiki, asiyeuliza umri wala mimba kwa lugha yoyote. Kumlinda aliye tumboni, basi, ni kumbakisha mama pale mezani, akisikiliza. Hata hivyo sitasema kwamba jibu hili linanitosha siku zote. Kama angenikatalia hata lile swali la jumla, na muuzaji akawa anampa dawa ninayojua kwa yakini kuwa ni ya hatari kwa mimba, nadhani ningemwambia mama kwamba siwezi kuendelea kumsemea mpaka tuliulize. Kunyamaza kwa mkalimani nako ni usemi. Ni bora kuwe kwa dhahiri.

Wako watu ambao maswali haya huulizwa kabla hawajafungua kinywa. Mtalii anayekwenda kupiga mbizi Mnemba au Mafia, kabla hajafungiwa mtungi wa hewa mgongoni, hupewa karatasi: anatumia dawa gani, ana pumu, ana mimba? Ipo sababu. Dawa nyingi za kichefuchefu cha bahari huleta usingizi, na mtu aliyelegea akili huko chini ya maji anaweza kupotea. Karatasi hiyo imetafsiriwa katika lugha nyingi za dunia. Mtalii huyo ni mgeni, ana kigegezi, hajui lugha ya wenyeji, sawasawa na mama wa Fizi. Aliyeandaa karatasi ile alijua kwamba mgeni huyu akidhurika patakuwa na wa kuuliza. Ninapoitafakari tofauti hiyo sioni kwamba ni tofauti ya lugha hata kidogo. Kiswahili cha mama yule kinasemwa na mamilioni mengi ya watu.

Habari nyingine ya dawa hizi yafaa kukumbukwa. Mwaka 1947, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, waganga wawili, Leslie Gay na Paul Carliner, walikuwa wakiijaribu dawa mpya ya kutuliza mwasho na upele. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwamo mwanamke mwenye mimba. Siku zote za maisha yake tramu ya mjini ilikuwa ikimlevya. Tangu aanze kumeza dawa ile, haikumlevya tena. Hakuwa amekwenda hospitali kwa ajili ya tramu. Waganga walimsikiliza, wakaifuata habari hiyo mpaka baharini, na mwishoni mwa mwaka 1948 dawa ikajaribiwa kwa askari waliokuwa wakivuka Atlantiki. Dawa hiyo ni dimenhidrinati, nayo inauzwa duniani kote hadi leo. Ilipatikana kwa sababu mgonjwa alisema jambo ambalo halikuwa sehemu ya ugonjwa wake, kwa lugha aliyoimudu, mbele ya watu waliokuwa na wakati. Laiti pangekuwa na mfereji kati yao, ungepitisha upele tu.

Nikirudi kwa kazi yetu darasani, naona kwamba masomo yetu ya 'Kwa Daktari' yamepungukiwa. Twamfundisha mwanafunzi kusema, 'Ninaumwa kichwa,' 'Ninaumwa tumbo,' na mwalimu anayecheza daktari hutoa vidonge papo hapo na kusema meza viwili kutwa mara tatu. Mazungumzo hayo hayana hata swali moja la daktari. Tumewafundisha watu kuumwa, hatukuwafundisha kuuliza wala kuulizwa. Siku hizi wanafunzi wangu hunionyesha simu zinazotafsiri sauti, nami nimeijaribu moja kwa sentensi ya mama yule. Iliifasiri haraka na kwa usahihi. Mtoto akabaki mtoto, na simu ikanyamaza ikingoja sentensi inayofuata.

Baadhi ya wenzangu Mbarara wamenipinga. Wanasema kuuliza ni kazi ya muuzaji wa dawa, aliyesomea na kupewa leseni. Mwalimu wa lugha asijitie uganga. Ni kweli, nami sikumtajia mama yule dawa wala kipimo. Niliyasogeza maswali mahali yalipohitajiwa, majibu nikawaachia wenye ujuzi. Kama hilo ni uganga, basi mkalimani yeyote anayeuliza 'umesema kushoto au kulia?' naye ni askari wa barabarani.

Wiki chache baadaye muuzaji yule aliniomba nimwandikie kwenye ubao wa karatasi maswali manne ya Kiswahili, ayaweke mezani. La umri halikuwa na taabu: 'Mtoto ana miaka mingapi, au miezi mingapi?' La dawa nyingine wanazotumia pia lilikuwa jepesi, na la muda wa safari vilevile. La nne ndilo lililotusumbua. 'Una mimba?' ni Kiswahili cha Nakivale, kila Mkongo atalielewa, lakini kwangu mimi limekaa kama kofi, na mtu wa Unguja angenuna. 'U mjamzito?' lina adabu, ila wengine wa Kivu hawalitumii. Nilipendekeza 'Je, wewe au mwenzako mna mimba?' ili kila mmoja apate mahali pa kujificha, muuzaji akacheka akasema wanaume nao watajibu. Mpaka sasa ubao una maswali matatu na nafasi tupu chini yake. Wenzangu wa pwani, na ninyi mnaofundisha Bukavu na Kigoma, mwanijibu nini? Mwanamke wa kwenu akiulizwa jambo hilo mbele ya watu, huulizwa kwa maneno gani?